Kurusha Ndege kwa Vitufe vya Kibodi

FlightGear ni simuleta ya ndege inayopatikana bure kwenye intaneti, na mtu anaweza kuirusha ndege yake kwa kibodi peke yake. Ndege nyepesi ya Cessna 172, yenye injini moja, inamfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa mwendo wake ni wa pole na magurudumu yake hayakunjwi.

Mishale ya kushoto na kulia huilaza ndege upande mmoja au mwingine, kwa kuinua na kushusha vipande vyenye bawaba vilivyo karibu na ncha za mabawa. Mshale wa chini huinua pua na wa juu huishusha. Wengi hudhani mpangilio huu umegeuzwa, lakini ndivyo ilivyo hata kwenye ndege halisi: rubani akiuvuta usukani kifuani pua hupanda, akiusukuma mbele hushuka. Kazi hizohizo hufanywa na namba 4, 6, 2 na 8 za kikundi cha namba kilicho upande wa kulia wa kibodi. Sufuri na Enter za hapo huugeuza usukani wa mkia kushoto na kulia. Page Up huongeza nguvu ya injini na Page Down huipunguza.

Ugumu wote wa kibodi unatokana na jambo moja. Kitufe hakina nusu: kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Kwa hiyo kila mguso husogeza kipande chenye bawaba hatua ndogo tu, na kipande hicho hubaki pale kiliposogezwa hata kidole kikishaondoka. Mgeni hubonyeza mshale kwa muda mrefu, huona ndege imelala kupita kiasi, hubonyeza wa upande wa pili kwa pupa, na baada ya sekunde chache ndege inayumba huku na huko hadi inaanguka. Dawa yake ni kugusa mara mbili au tatu, kusubiri ndege iitike, kisha kubonyeza 5 ya kikundi cha namba, inayorudisha vipande vyote vyenye bawaba katikati. Ndege ikishalala haihitaji kuendelea kulazwa. Itazunguka yenyewe mpaka iinuliwe kwa miguso michache ya upande wa pili.

Namba 5 ina gharama yake. Ikiwa pua ilikuwa inashikiliwa juu kwa mshale wa chini, nayo huachiwa papo hapo na ndege huzama. Ndiyo maana mzigo wa kudumu wa pua haubebwi kwa mishale, bali kwa kirekebisho cha mkia: End huinua pua, Home huishusha, na 5 haikigusi. Anayekimudu kirekebisho hiki amemaliza nusu ya kazi.

Kuiwasha Cessna, alama } hubonyezwa mara tatu ili kufungua umeme wa plagi, kisha S hushikiliwa hadi injini iwake. Nguvu ikiongezwa na ndege isisogee, aghalabu breki ya kuegeshea bado imekaza; Shift na B huifungua. Chini, ndege huongozwa kwa usukani wa mkia wala si kwa mishale, na kwa nguvu kamili pua huvutwa kushoto, hivyo Enter huguswa mara kwa mara. Kasi ikifika noti 55, karibu kilomita 100 kwa saa, miguso michache ya mshale wa chini inatosha kuipaisha.

Wakati wa kutua, nguvu hupunguzwa mapema, na alama ] hushusha flapi (vipande vya nyuma ya mabawa), ambazo [ huzipandisha. Flapi zote zisishushwe kabla kasi haijawa chini ya noti 85. Ndege husogelea uwanja kwa noti 65 hivi, na pua huinuliwa taratibu ikikaribia lami. Herufi B hufunga breki, na P husimamisha safari yote ili rubani afikiri. Mwanafunzi asione haya kuitumia.

Simuleta ya Microsoft hutumia vilevile kikundi cha namba, lakini nguvu ya injini iko kwenye F2 na F3, na flapi kwenye F6 na F7. Kwa kutua penye upepo mkali wa ubavuni kibodi huwa nzito mno, na usukani wa mkononi unastahili bei yake. Kwa kujifunza kupaa, kugeuka na kutua siku tulivu, kibodi inatosha.