Walimu Wawili Mbele ya Ubao Mmoja

Msomaji, kama ulipitia shule ya sekondari hapa Pwani utakumbuka jinsi siku ilivyokuwa ikikatwakatwa. Kengele ililia, akaingia mwalimu wa hisabati. Dakika 40 zikapita, ikalia tena, akatoka na chaki mikononi, na mwalimu wa dini akapishana naye mlangoni. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, kila mmoja akashika njia yake. Hakuna aliyejua mwenziwe alikuwa amefundisha nini, wala hakuna aliyeona haja ya kujua. Mimi nilikuwa mmoja wa walimu hao. Nilifundisha hisabati kwa miaka 27, na katika miaka 6 ya mwanzo sikupata hata siku moja kumwuliza mwalimu mwenzangu wa Somo la Dini ya Kiislamu kilichomo katika daftari lake.

Aliyenifungua macho ni msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, na wallahi ningependa angalinifungua kwa njia nyingine. Mambo haya yalitukia mwaka wa 1989, katika shule moja ya Mombasa ambayo sitaitaja. Msichana huyo alikuwa amefiwa na baba yake miezi michache kabla. Adhuhuri moja, wenzake walipokwenda kula, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Maalim, tafadhali nitazamie kama hesabu hii imejumlishwa sawa."

KALAMU NYEKUNDU

Ilikuwa ni karatasi ya mirathi. Marehemu aliacha mke, binti wawili, na wazazi wake wote wawili, ambao bado walikuwa hai. Baada ya kutoa gharama za maziko na kulipa madeni, zilibaki shilingi 270,000, nyingi zikiwa ni thamani ya nyumba. (Tarakimu nimezibadili ili nyumba hiyo isijulikane, lakini mafungu ni yale yale.) Aliyeiandika karatasi alikuwa ameyapanga mafungu kama yalivyo katika Suratu An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12: mke thumuni, yaani sehemu moja ya nane, binti wawili thuluthi mbili, baba sudusi, yaani sehemu moja ya sita, na mama naye sudusi.

Nikachukua kalamu. Asili ya sehemu hizo zote ni 24. Mke akapata 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Nikajumlisha, ikawa 27. Nikajumlisha tena, ikawa 27 vile vile. Hapo nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, aliyeandika haya hajui hesabu. Mkate una vipande 24, vipi watu watakula 27?" Nikaandika chini kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa, HAIWEZEKANI, nikamrudishia karatasi yake na mimi nikaenda zangu kula.

Kumbe neno lile lilikwenda nyumbani na likafanya kazi. Karatasi iliangukia mikononi mwa ami yake. Ami huyo hakuwa mrithi, kwa sababu baba wa marehemu alikuwa hai, na baba akiwapo humzuia ndugu. Lakini wazazi wale walikuwa wazee, na fungu lao ndilo ambalo yeye alitarajia kulisimamia. Basi akasema barazani kwamba mwalimu wa shule ya serikali ameandika kwa mkono wake kuwa mafungu yamezidi. Na kama yamezidi, ni nani aondoke? Wazazi ni damu, watoto ni damu. Mke ni mtu wa kuja.

Sasa tazama ubaya wa hesabu ikiangukia pabaya. Baba 45,000, mama 45,000, binti mmoja 90,000, wa pili 90,000. Ukijumlisha unapata 270,000 kamili, haipungui hata senti. Fungu la mjane, shilingi 33,750, ndilo hasa lililozidi. Mwanamke aliyeishi na marehemu miaka mingi, ambaye eda yake haikuwa imekwisha zamani, akaonekana ametolewa nje na kanuni ya kujumlisha.

MASALA YA MIMBARI

Siku ya pili mwalimu wa dini alinikuta katika chumba cha walimu. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na sijapata kumwona amekasirika kabla ya asubuhi ile. Aliiweka karatasi mbele yangu, akaweka kidole chake juu ya wino wangu. "Bwana Hisabati," akasema, "umemtoa mwanamke nyumbani kwake kwa neno moja."

Nikajitetea kwamba 27 haiingii ndani ya 24. Akanijibu kwamba hilo wanavyuoni walilijua tangu zama za Sayyidna Umar, lilipotokea kwa mara ya kwanza jambo la mafungu kuzidi mali, akashauriana na Masahaba, wakaafikiana juu ya kile kinachoitwa auli. Maana yake ni kwamba asili ya masala hupandishwa: badala ya kugawa mali kwa 24, unaigawa kwa 27, na kila mtu anabaki na vipande vyake vile vile, ila kila kipande kimekuwa kidogo. Ni kama wadeni wa mtu aliyefilisika: mali haitoshi kumlipa kila mmoja haki yake kamili, basi wote hupunguziwa kwa kadiri ya haki zao, wala hafukuzwi mtu.

Akaniambia tena kwamba masala hii hasa, ya mke, binti wawili na wazazi wawili, ni mashuhuri kwa jina la Minbariya. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo, bila kukata hotuba yake, kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya nane imekuwa moja ya tisa. Nilikokotoa haraka kichwani: 3 kwa 27. Naam, ni moja ya tisa. Nilikuwa na cheti cha ualimu wa hisabati, na mtu aliyekuwa juu ya mimbari zaidi ya miaka 1,300 iliyopita alikuwa ameifanya hesabu niliyoiandikia haiwezekani.

Tulikwenda pamoja nyumbani kwa wale watu siku ile ile, baada ya Isha. Yule ami alitupokea vizuri, lakini akasema, "Nyinyi walimu wawili mwasema maneno mawili. Tushike la nani?" Ikanibidi niseme mbele ya wazee kwamba nilikosea, kisha nikaomba karatasi safi. Mwenzangu akataja mafungu, mimi nikaandika. Mke 30,000. Baba 40,000. Mama 40,000. Binti 80,000 na binti 80,000. Jumla 270,000.

Babu wa yule msichana alikuwa ameketi pembeni, hajasema neno tangu tulipoingia. Akauliza, "Na mimi hapo napungukiwa na ngapi?" Nikamwambia 5,000, kutoka 45,000, ambayo ni tusui. "Na huyu bibi?" Nikamwambia 3,750, kutoka 33,750, nayo ni tusui. "Na wajukuu?" Elfu kumi kumi kutoka tisini tisini, tusui vile vile. Mzee akatazama dari kidogo, akamwambia mwanawe aikunje ile karatasi ya zamani. Baadaye walikwenda kwa Kadhi, naye akagawa hivyo hivyo.

DARASA LENYE KELELE

Njiani kurudi ndipo tulipokubaliana kwamba somo la mirathi tutalifundisha sote wawili kwa wakati mmoja. Mwalimu mkuu hakulipenda jambo hili, na ninakiri kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. "Nikiwaweka wawili katika darasa moja," alituuliza, "lile jingine litakaa na nani?" Basi tukatumia vipindi vyetu vya mapumziko, bila ya kumwomba kitu.

Mara ya kwanza tuliharibu. Mwenzangu alisema dakika 30, mimi nikasema 10, wanafunzi wakasinzia dakika zote 40. Tulikuwa tumepokezana tu, kama makuli wanaopokezana gunia. Mara ya pili tulikutana jioni iliyotangulia, tukaamua ni swali gani litakalofungua somo na ni nani atakayenyamaza. Yeye akaandika warithi ubaoni, mimi nikajifanya yule wa mwaka uliopita: nikajumlisha, nikapata 27, nikamgeukia nikamwambia mbele ya darasa zima kwamba hesabu yake haiwezekani. Darasa likalipuka. Wengine walikuwa upande wangu, wengine upande wake, na mvulana mmoja, ambaye hata kuzidisha kulimshinda, alikuja ubaoni mwenyewe akanyang'anya chaki.

Mwalimu wa Kiswahili alikuja kutoka darasa la pili kulalamikia kelele. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akaingia. Kisha akawauliza wanafunzi sarafu ya senti 50 wanaiitaje nyumbani. Wakajibu sumuni. Akawaambia sumuni ni hiyo hiyo thumuni iliyo ubaoni. Nami nikagundua kwamba neno letu la asili, tunalolitumia sisi kwa namba ya chini ya sehemu, ndilo wanalolitumia watu wa mirathi kwa namba ambayo mali hugawiwa kwayo. Lugha ilikuwa imeyaunganisha masomo yetu kitambo, ni ratiba tu iliyoyatenga.

Mvulana yule akauliza kama wanavyuoni wote waliafikiana. Mwenzangu hakuficha. Akasema Ibn Abbas alikuja kuwa na rai nyingine, na kwamba Mashia hawaikubali auli mpaka leo, ilhali madhehebu manne ya Sunni yanaikubali, pamoja na sisi Mashafi. Mimi nikaongeza habari za al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika katika karne ya 9 kile kitabu kilichotupa jina la aljebra, na jinsi sehemu yake kubwa ya mwisho ilivyo juu ya wasia na mirathi. Wale waliokuwa wakiniuliza aljebra itawafaa nini maishani hawakuniuliza tena.

Baada ya miaka mingi nilisoma kwamba Wamarekani walikuwa wamelijaribu jambo kama hili mwaka wa 1957 katika Franklin School huko Lexington, Massachusetts, na kulipa jina na vitabu vingi. Sisi hatukuwa na jina. Tulikuwa na aibu yangu.

KIVULI CHA SAA SITA

Mwaka uliofuata akajiunga nasi mwalimu wa jiografia, Mkristo kutoka bara, aliyetusikia tukibishana juu ya kibla. Alifungua ramani akatuonyesha kwamba Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, takriban digrii 40 mashariki, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, karibu kaskazini kamili. Kisha akatufundisha jambo ambalo mimi, Mwislamu wa kuzaliwa, sikulijua: kwamba mara mbili kwa mwaka, mnamo 28 Mei na 16 Julai, jua la mchana husimama juu ya Makka moja kwa moja. Mtu yeyote anayeliona jua dakika hiyo, mahali popote alipo, akilielekea ameelekea kibla.

Tuliwatoa wanafunzi nje na fimbo na kamba. Mwalimu wa jiografia alishika saa, mwenzangu wa dini alishika fimbo, mimi nikapima pembe. Kivuli kikaanguka kusini. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, akauliza mbona hatuzungumzii na mwezi, kwa kuwa baba yake huhesabu siku za mwezi ili ajue bamvua na maji mafu. Hilo nalo likatupatia majuma mawili ya kazi, na siku hiyo mwalimu alikuwa yeye.

Mambo haya hayakudumu. Mwaka wa 1992 mwalimu wa jiografia alipewa uhamisho, na mfumo wa 8-4-4, wenye masomo mengi na mtihani mmoja mkubwa mwishoni, haukumwachia mtu nafasi ya kusimama katika darasa la mwenziwe. Mtihani wa hisabati hauulizi mirathi, na mtihani wa dini hautoi alama kwa kukokotoa. Leo tuna mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi mwaka wa 2019, nao unasema wazi kwamba masomo yaunganishwe. Ninaufurahia. Hata hivyo, ninapowaona walimu wa sekondari msingi wakifundisha masomo ambayo hawakusomea kwa sababu walimu hawatoshi, swali la yule mwalimu mkuu wetu hunirudia: lile darasa jingine litakaa na nani?

Mwenzangu wa dini amekwisha tangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Yule msichana naye sasa ni mwalimu. Hivi karibuni alinipigia simu kutoka shuleni kwake, akitaka kujua ile saa ya kivuli. Nikamwambia, yapata saa 6 na dakika 18 mchana tarehe 28 Mei, na saa 6 na dakika 27 tarehe 16 Julai, kwani saa ya Makka na yetu ni moja. Anahitaji fimbo iliyonyooka, kamba, na saa iliyo sawa. Mwalimu wa jiografia ameshampata. Wa hisabati, asema, bado anamkatalia.