Wiki Moja Hospitalini Ingwavuma

Kijana wa Ingwavuma anayetaka ufadhili wa kusomea kazi ya afya hutakiwa kwanza kujitolea kwa wiki nzima katika hospitali ya kwao, bila malipo. Hachomi mtu sindano wala hagawi dawa. Kazi yake ni kufuatana na wahudumu na kuangalia: famasi, chumba cha mionzi, maabara, wodi ya wazazi, na chumba ambamo mgonjwa aliyepooza upande mmoja anafundishwa upya kushika kijiko. Mtoto aliyekulia kijijini huwa amewaona wahudumu wa aina mbili tu, daktari na muuguzi, kwa sababu hao ndio aliokutana nao alipougua. Wiki ile humfungulia orodha ndefu: mfamasia, mtaalamu wa tiba ya viungo, mtaalamu wa lishe, mpima macho, mtaalamu wa usikivu na usemi. Mwingine hugundua siku ya pili tu kwamba harufu ya wodini haiwezi, na ni afadhali agundue hapo kuliko mwaka wa tatu wa chuo.

Ingwavuma iko juu ya milima ya Lebombo, kaskazini kabisa mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Eswatini iko jirani na Msumbiji haiko mbali. Kutoka hapo hadi Durban ni takribani kilomita 400. Wilaya yenyewe inaitwa Umkhanyakude, jina la mgunga wenye gome la manjano ambao Wazulu wameuita hivyo kwa kuwa unang'aa na kuonekana kutoka mbali. Mti huo huota kwenye mabonde yenye maji, ambako malaria nayo ilistawi, kiasi kwamba walowezi walidhani mti ndio unaoleta homa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 hospitali ya hapo, Mosvold, ilikuwa na shida ambayo mkazi yeyote wa Kigoma, Turkana au Lindi ataitambua. Madaktari walikuja na kuondoka. Baadhi yao walitoka nchi za mbali. Kuanzia mwaka 1998 serikali iliwataka madaktari wapya watumikie umma kwa mwaka mmoja, na mwaka ulipokwisha wengi walifunga mizigo. Hawakujua Kizulu, kwa hiyo muuguzi aligeuka mkalimani, na maneno ya mama kuhusu tumbo lake yalipita vinywa viwili kabla ya kufika kwenye karatasi ya daktari. Na ule haukuwa wakati wa mchezo. Ukimwi ulikuwa umeikamata KwaZulu-Natal, na mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi katika hospitali za umma za nchi hiyo haukuanza hadi mwaka 2004.

Mganga mfawidhi wa Mosvold, Dk. Andrew Ross, aliona kwamba kutangaza nafasi za kazi mijini hakusaidii. Mwaka 1999 yeye na wenzake walianza na wanafunzi wanne, wote vijana wa eneo hilohilo. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka: tunakusomesha, nawe utarudi kufanya kazi hospitali ya kwenu, mwaka mmoja kwa kila mwaka uliosomeshwa. Mpango huo baadaye ulivuka Mosvold, ukafika hospitali nyingine za wilaya kama Manguzi, Mseleni na Bethesda, ukapata jina la Umthombo, yaani chemchemi. Leo wahitimu wake wanahesabiwa kwa mamia.

Katika nchi ile wazo hilo halikuwa dogo. Chini ya ubaguzi wa rangi, swali la nani anaruhusiwa kuwa daktari lilijibiwa na sheria. Skuli ya tiba ya Durban ilifunguliwa mwaka 1951 kwa ajili ya wanafunzi wasio Wazungu, na hata hivyo nafasi zake zilikuwa haba mno. Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi huo, alikuwa mmoja wa waliozipata, mwaka 1966. Sheria zilifutwa, lakini shule za vijijini zilibaki vilevile, bila maabara na mara nyingi bila mwalimu wa fizikia. Mtoto akifaulu katika shule kama hiyo, amefaulu kwa kupanda mlima ambao mwenzake wa mjini hakuwahi kuuona. Alama zao zikiwa sawa kwenye karatasi, juhudi zao si sawa hata kidogo, na chuo kisicholiona hilo hakijui kinampima nani.

Sehemu ya mpango wa Ingwavuma inayostahili kusomwa kwa makini na vyuo vya kwetu ni ile inayoanza baada ya barua ya udahili kupatikana.

Ada peke yake haimbebi mwanafunzi. Kijana anafika Durban au Johannesburg akiwa wa kwanza ukoo mzima kukanyaga chuo. Hajawahi kutumia kompyuta ipasavyo, mhadhara unatolewa kwa Kiingereza cha kasi, na nyumbani hakuna wa kumweleza kwamba kushindwa jaribio la kwanza si mwisho wa dunia. Wanafunzi wa Tanzania wana maneno yao kwa yanayofuata: kusapu, yaani kurudia mtihani, kisha kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Anayedisko si lazima awe mjinga. Mara nyingi ni mtu aliyeona aibu kuomba msaada mpaka muda ukamwishia.

Kwa sababu hiyo Umthombo ilifanya usimamizi kuwa sehemu ya mkataba, haikuuacha kuwa hisani. Mwanafunzi anapaswa kuwasiliana na mlezi wake kila mwezi na kueleza mambo yanavyokwenda: matokeo, bweni, fedha, hata mapenzi yaliyovunjika wiki ya mtihani. Akiteleza katika somo, anaulizwa amefanya nini kulirekebisha. Likizo inapofika anarudi kufanya kazi hospitali ya kwao kwa majuma manne katika mwaka. Anajifunza kwa vitendo, na hospitali inamwona akikua. Siku atakapoajiriwa hatakuwa mgeni. Kwa utaratibu huu zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi wake wamekuwa wakifaulu mwaka hadi mwaka, na hao ni watoto wa shule ambazo wengi walikuwa wamekwisha kuzikatia tamaa.

Ushahidi kwamba mtoto wa kijijini ndiye anayeelekea zaidi kurudi kijijini haukutoka Afrika pekee. Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson, Philadelphia, kilianza mwaka 1974 kutafuta kwa makusudi vijana waliokulia vijijini na wanaotaka kuwa madaktari wa familia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la JAMA ulihesabu matokeo. Wahitimu wa mpango huo walikuwa asilimia 1 tu ya waliohitimu katika vyuo saba vya udaktari vya Pennsylvania, lakini miongoni mwa madaktari wa familia waliotoka vyuo hivyo na kuhudumu vijijini mwa jimbo, walikuwa asilimia 21. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya 2010 na 2021, linazishauri nchi ziwadahili wanafunzi wenye asili ya vijijini.

Ufilipino walikwenda mbali zaidi. Katika kisiwa cha Leyte, Chuo Kikuu cha Ufilipino kilifungua mwaka 1976 skuli ya afya ambayo mwanafunzi wake hupendekezwa na kijiji chake. Wote huanzia darasa moja, la ukunga. Baada ya hapo mtu anarudi kijijini kuhudumu, na jamii ikiridhika naye anaruhusiwa kupanda: kwanza uuguzi, kisha udaktari. Anayeishia ukunga hajafeli. Ana taaluma mkononi na kijiji kinamhitaji. Wasomaji wa Tanzania wataona sura wanayoifahamu, maana nchi hii nayo kwa miongo mingi ilimruhusu tabibu wa zahanati apande ngazi kidogo kidogo. Tofauti ni lile swali la kwanza, nani aingie, ambalo Leyte waliwaachia wanakijiji.

Huku kwetu mlango hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwanafunzi wa Tanzania anayetaka udaktari anahitaji fizikia, kemia na baiolojia kidato cha tano na sita. Ili aichukue tahasusi hiyo lazima awe ameyasoma masomo hayo vizuri tangu chini, na uamuzi wa kuacha fizikia mtoto huufanya akiwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita, pengine kwa sababu tu mwalimu wa somo hilo alihamishwa. Maonyesho ya vyuo vikuu ya Dar es Salaam, yenye mabanda na vipeperushi, humfikia mtu aliyekwisha kuvuka kizingiti hicho. Chuo kinachotaka wauguzi na madaktari kutoka Ngorongoro au Liwale kitalazimika kwenda huko wanafunzi wakiwa bado kidato cha pili, tena kwenda kila mwaka, na kumpeleka mtu anayezungumza kama wao.

Lipo fundo moja ambalo hata Ingwavuma haiwezi kulifungua peke yake. Mkataba wa kurudi una maana pale tu serikali inapotenga nafasi ya ajira, na katika miaka ya karibuni Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zote zimekuwa na madaktari waliohitimu wakikaa mtaani huku wodi zikiwa na uhaba. Kumshawishi binti wa mfugaji asome kwa miaka mingi, kisha kumwacha na cheti kabatini, ni kumvunja moyo yeye na mdogo wake anayemtazama.

Huko Umkhanyakude ziara za mashuleni, ambazo Umthombo huzitumia kuwatafuta vijana, zinaendelea. Anayesimama mbele ya darasa siku hizi anaweza kuwa mfamasia au mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekulia wilaya hiyohiyo. Anaeleza kwa Kizulu alama gani zinatakiwa, fomu zinapatikana wapi, na wiki ya kujitolea hospitalini inaanza lini.