Wasiwasi wa msimu na tiba zisizo na bei

Lupaso, wilayani Masasi, inajulikana kwa Watanzania wengi kuwa ndiko alikozikwa Rais wa awamu ya tatu, Benjamin Mkapa. Wenyeji wanaijua zaidi kwa korosho. Na anayeishi kwa korosho, iwe huko au Newala juu kwenye uwanda wa Makonde, anaishi na wasiwasi wenye msimu wake. Mikorosho ikitoa maua, anawaza salfa ya kuzuia ubwiriunga. Mzigo ukifika ghala la chama cha ushirika, AMCOS, anawaza mnada: bei itasimama wapi, malipo yataingia lini. Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari havisubiri.

Wasiwasi wa namna hii si ugonjwa. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi huruka. Ukikutana na nyoka shambani, hali hiyo inakuokoa, kisha inapita. Deni halipiti upesi hivyo. Mwili hubaki kwenye tahadhari wiki baada ya wiki, ndipo yanapoanza maumivu ya kichwa na shingo, tumbo kusokota, na hasira za karibu kwa watoto.

Hasara yake haiishii mwilini. Mtu mwenye hofu hutafuta njia ya kutokea iliyo karibu, hata kama ni ya gharama. Wakulima wa Masasi na Newala wanaijua njia hiyo kwa jina la kangomba: kumpa mlanguzi korosho kwa bei ya kutupa, wakati mwingine zikiwa bado mtini, ili upate fedha leo. Wapo wanaobanwa na njaa au ugonjwa wasiwe na hiari. Lakini wapo pia wanaokubali usiku wa mawazo mengi jambo ambalo asubuhi wasingelikubali. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: tuliza mwili kwanza, amua baadaye.

Mwili hutulizwa kwanza kwa pumzi. Kaa, legeza mabega, vuta hewa puani ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tano. Mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa pumzi, na ndiyo maana pumzi ya kutoka inapaswa kuwa ndefu kuliko ya kuingia. Ukiona kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno, punguza.

Pili ni mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayelima na kupalilia anazipata bila kulipa. Anayepaswa kujihadhari ni mwenye duka, mwalimu, fundi cherehani na bodaboda anayekaa kijiweni kutwa. Kwao, nusu saa ya kutembea haraka siku tano za wiki inatosha. Ngoma nayo ni mazoezi, tena humtoa mtu upwekeni.

Tatu ni usingizi. Lala na uamke saa zilezile, acha chai ya rangi nzito na kahawa tangu alasiri, na simu isilale mkononi mwako. Pombe isikudanganye. Nipa ya mabibo huleta usingizi upesi, lakini usingizi wake hukatika usiku wa manane, na wasiwasi hurudi ukiwa mkali zaidi, sasa ukiwa na deni la kilabuni.

Mwili ukitulia, lishike jambo lenyewe. Chukua daftari kabla giza halijaingia, andika yote yanayokusumbua. Bei ya mnada huna uwezo nayo, iache. Kupanga na mwenye duka ulipe kidogo kidogo, hilo unaliweza. Chagua moja tu, andika hatua ya kwanza na siku ya kuifanya. Mawazo yakija usiku, yaambie zamu yao ni kesho jioni.

Kisha zungumza na mtu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianzisha mpango wa Friendship Bench katika kitongoji cha Mbare, Harare. Mabibi wa mtaani walifundishwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia kwa mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar. Nasi huku kusini hatukosi bibi, shangazi, kungwi, shehe wala katekista wenye kifua cha kutunza siri. Wewe unayesikiliza, uliza zaidi ya unavyoshauri.

Yapo yasiyotibika kwa pumzi na daftari. Wasiwasi ukidumu wiki kadhaa hadi kazi zikakushinda, nenda kituo cha afya, au hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi au ya Ndanda. Moyo kwenda mbio huweza pia kutokana na upungufu wa damu, malaria au ugonjwa wa tezi ya shingo, na hayo hujulikana kwa vipimo. Maumivu makali ya kifua yasisubiri hata siku moja. Na mtu akianza kusema heri afe, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.