Ni UTI, au kuna kitu tu kwenye mkojo?

Hapa chuoni ukienda zahanati na homa, kikopo cha mkojo hukikosi, na wengi wetu tunatoka na jibu lilelile: UTI. Haya, tuangalie kinachoandikwa kwenye faili.

Shirika la Afya Duniani limeyapa magonjwa namba, mfumo unaitwa ICD-10. N39.0 ni maambukizi ya njia ya mkojo. Huo ni ugonjwa. Ila zinazoanza na herufi R ni dalili au majibu ya kipimo yasiyo ya kawaida, basi. R31 ni damu kwenye mkojo, R80 protini, R81 sukari. R82 ni mengineyo, wakiwemo bakteria walioonekana maabara.

Tofauti yake si ndogo. Protini inaweza kutokea baada ya homa au mazoezi makali. Damu inaweza kuwa ya hedhi tu. Bakteria wanaweza kutoka kwenye ngozi, kwa kuwa hukukinga mkojo wa katikati (na nani alikuelekeza?). Daktari akiandika R anasema: nimeona kitu, bado nakitafuta. Akiandika N39.0 kwa mtu asiyesikia maumivu wala kukojoa mara kwa mara, mtu huyo anameza antibayotiki za bure. Mjamzito ni habari nyingine, yeye hutibiwa hata bila dalili. Na kama ile protini ilitoka kwenye figo lililoanza kuchoka, neno UTI limeshaifunika.

Kwa hiyo uliza: daktari, huu ni ugonjwa au ni majibu ya kipimo? Akisema majibu, muulize mnarudia lini.