Msongo, Msongamano na Mgao: Istilahi za Kuelezea Bei ya Umeme Njia Inapojaa

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana ya msongamano katika njia za kusafirisha umeme na namna unavyotiwa bei. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuzungumzia uzalishaji na uhaba wa umeme, ila hakijaimarisha istilahi za hali ambapo umeme upo lakini njia imejaa. Mifano inatoka Burundi na Tanzania.

1.0 Utangulizi

Taa zinapozimika, mkazi wa Gasenyi, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, husema umeme umekatwa. Ofisini atasikia neno la Kifaransa délestage, na jirani aliyewahi kuishi Kigoma atasema kuna mgao. Maneno haya hutaja tokeo, si sababu. Huenda maji yamepungua bwawani; huenda kifaa kimeharibika; huenda pia njia imefikia kikomo chake. Kila sababu ina tiba yake na mlipaji wake.

Kwa Burundi tofauti hii ni nzito. Sehemu ya umeme wake hutoka katika mitambo ya pamoja: Ruzizi II, inayomilikiwa na Burundi, Rwanda na Kongo kupitia SINELAC, na Rusumo, yenye megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Umeme wa Rusumo huingia nchini kwa njia ya msongo wa kilovoti 220 hadi Gitega. Hivyo, swali la njia inabeba kiasi gani ni kubwa sawa na swali la mto unatoa kiasi gani.

2.0 Msongo na msongamano

Istilahi hizi mbili zina mzizi mmoja, -song-, lakini hazina maana moja. Msongo, katika matumizi yaliyoenea Tanzania, ni nguvu inayosukuma umeme, nayo hupimwa kwa volti. Msongamano ni hali ya njia kutakiwa kubeba zaidi ya uwezo wake. Tena, msongo ukiwa mkubwa, njia hubeba umeme mwingi zaidi, na msongamano hupungua. Asiyetenganisha maneno haya ataielewa kauli hiyo kinyume.

Sitiari ya barabara nayo ina mpaka. Magari hukaa foleni; umeme haukai. Njia ikizidiwa, nyaya hupata joto na kulegea, na vifaa vya kinga huweza kuikata. Kwa hiyo msimamizi wa gridi hutangulia: hupunguza uzalishaji upande wa umeme wa bei nafuu na kuongeza ule wa bei ghali upande wa pili. Gharama ya msongamano huanzia hapo.

3.0 Msongamano unavyotiwa bei

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo A kina umeme wa maji wa senti 10 za dola kwa uniti. Mji B unahitaji megawati 150, lakini njia ya kutoka A hubeba 100 tu. Megawati 50 zilizobaki huzalishwa mjini B kwa dizeli, kwa senti 30. Katika mfumo wa bei za kila kituo, bei ya A ni senti 10 na ya B ni senti 30, kwa kuwa uniti moja ya ziada mjini B itatoka kwenye dizeli.

Kwa saa moja, wanunuzi wa B hulipa dola 45,000. Mwenye dizeli hupata 15,000, na mzalishaji wa A 10,000. Dola 20,000 zinazobaki ni pato la msongamano. Zikimwendea mwenye njia bila masharti, atakosa sababu ya kuipanua. Zikitengwa kwa upanuzi au kupunguza ada za watumiaji, zinakuwa tiba. Soko la PJM la Marekani hutumia bei za namna hii tangu 1998, ilhali nchi za Nordiki hugawanya soko kwa kanda.

4.0 Mjadala wa Tanzania

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda ya kaskazini, akitaja upotevu wa umeme unaosafirishwa kutoka mbali. Wengi waliuliza: nchi yenye Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, inunue umeme kwa nini? Swali ni halali, lakini linachukulia kwamba uniti ina thamani moja kila mahali. Bei ya kituo ina sehemu tatu: nishati, upotevu na msongamano. Hoja ya Rais ilihusu sehemu ya pili. Mwananchi mwenye istilahi hizo angeweza kuipima hoja kwa hesabu, aikubali au aipinge.

5.0 Hitimisho

Burundi ni mwanachama wa Jumuiko la Umeme la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 2005, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2021. Biashara ya umeme ikipanuka, mikataba itaamua nani apate pato la msongamano. Makala inapendekeza istilahi nne zisanifiwe pamoja: kikomo cha njia, msongamano wa njia, bei ya kituo na pato la msongamano. Mgao ubaki jina la tokeo. Mlipaji asiye na jina la gharama hawezi kuuliza imekwenda wapi.