Siku Nne Mvita, kwa Njia ya Horohoro

Mtu wa Kerenge, Korogwe, akisema anakwenda pwani, jirani zake huelewa Tanga. Anakwenda kumwona shangazi, kufuata mzigo, au kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bombo, na kesho yake jioni amesharudi Korogwe. Kwenda pwani kutembea tu, mtu amefunga begi bila msiba wala arusi, ni jambo la kutolewa maelezo. Na akisema haishii Tanga bali anavuka mpaka hadi Mombasa, ataulizwa papo hapo: "Kwani una ndugu huko?"

Ndugu anaweza asiwepo, lakini njia ni ya zamani. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na kituo chake Rabai nyuma ya Mombasa, alitembea hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wasambaa. Mwaka 1852 akaja tena. Hakuvuka mpaka wowote, kwa sababu haukuwepo. Mpaka ulianza kuchorwa 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kwamba mstari uanzie mlango wa mto Umba uelekee bara. Umba wenyewe hutoka milima ya Usambara, ukaingia Kenya na kumwaga maji yake baharini huko Vanga, wala haujawahi kugongewa muhuri. Abiria ndiye anayegongewa.

Kwa hiyo mpango wa likizo hii unaanzia Uhamiaji. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, ila anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kwa asiye na pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe mfukoni, maana kuulizwa huulizwa. Toka Korogwe gari linapita Segera, Hale na Muheza hadi Tanga. Toka Tanga hadi Horohoro ni lami, kiasi cha kilomita 65. Mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga ni wa kituo kimoja: anayekwenda Kenya anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Lunga Lunga, na wakati wa kurudi anafanya hivyo Horohoro. Wengi hupoteza muda kwa kukimbilia dirisha lisilo lao. Shilingi moja ya Kenya huwa karibu na 20 za Tanzania, hesabu inayoleta kizunguzungu siku ya kwanza. Soda ya hamsini inaonekana ya bure, mpaka mtu azidishe.

Tarehe nayo ichaguliwe kwa akili. Aprili na Mei masika hunyesha Mombasa kama inavyonyesha Tanga, na mitaa ya Mji wa Kale hugeuka mifereji. Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi: jua kali, bahari tulivu, na watalii wengi kutoka Nairobi wanaopandisha bei za vyumba wakati wa Krismasi. Juni hadi Septemba ni kusi. Hewa ina ubaridi wa kupendeza hata kwa aliyezoea upepo wa Usambara, na vyumba havigombewi. Atakayeangukia Ramadhani ajue kwamba mchana Mji wa Kale hulala, milango ya mikahawa imefungwa. Baada ya magharibi ndipo unapoamka, na huenda hakuna wiki nzuri kuliko hizo za kuuona.

Basi linalotoka Lunga Lunga hupita mashamba ya minazi na miembe ya Wadigo, watu wale wale walioko upande wa Tanga, hadi Likoni. Hapo barabara inakoma. Mombasa ni kisiwa, na upande wa kusini mlango wake wa kale ni kivuko. Siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu inayozungukia mbali kwa madaraja, nzuri kwa malori na kwa mwenye haraka. Mwenye likizo apande pantoni. Waenda kwa miguu hawalipi kitu. Lango likifunguliwa umati unateremka mteremko wa saruji kwa pamoja: wanafunzi, mafundi na mikoba ya zana, mama mwenye beseni la samaki kichwani, mtu na baiskeli iliyofungwa kuku watatu. Magari yameshapangwa katikati, watu wanajaza pembeni. Hakuna anayesukuma na hakuna anayesimama. Pantoni linajiondoa, na likiwa katikati ya mkondo wa Kilindini huenda likasubiri meli ya makontena ipite kwanza kuelekea bandarini, ukuta wa chuma unaopita kimya juu ya vichwa. Dakika chache baadaye miguu inagusa kisiwani. Mgeni asitoe simu kupiga picha hapo. Ni eneo la ulinzi na askari hawana mzaha nalo.

Watu wa Pwani hawakisahau kivuko hata kikiwa shwari. Tarehe 29 Aprili 1994 pantoni la Mtongwe, jirani na Likoni, lilizama na watu 272 wakafa.

Suala la wapi pa kulala huleta ubishi. Wengi wakisikia Mombasa hufikiria Diani au Nyali, hoteli za ufukweni zenye bwawa la kuogelea hatua 20 kutoka baharini. Kwa aliyetoka mkoa wenye fukwe zake, kusafiri siku nzima kwenda kutazama mchanga ni kama kutoka Lushoto kufuata baridi Nairobi. Kilichopo Mombasa kisichopatikana kwingine ni mji wenyewe. Heri chumba cha kawaida kisiwani, mahali ambapo ngome na Mji wa Kale vinafikika kwa miguu asubuhi kabla jua halijawa kali.

Ngome ni Fort Jesus. Wareno waliianza 1593 na kuimaliza 1596, ramani ikiwa ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, kwa amri ya mfalme aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Husemwa kwamba ukiitazama toka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, mikono na miguu imepanuliwa. Kuliona umbo hilo kunataka mtu awe kunguru, na kunguru Mombasa hawana idadi. Aliye chini huona kuta za jiwe la matumbawe zenye rangi ya chungwa lililokauka, zikipanda toka kwenye mwamba ulioko ufukweni. Tangu 2011 ngome imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki kina kiwango chake, tofauti na cha mgeni wa mbali, basi kitambulisho kiwe mkononi. Walio getini wakijitolea kumtembeza mgeni, akubaliane nao bei kabla ya hatua ya kwanza.

Ndani, wengi hukimbilia mizinga. Kinachofaa kutafutwa ni kipande cha lipu chenye michoro ya meli iliyochorwa na askari wa Kireno waliokuwa kwenye zamu ukutani. Mistari ni ya mkaa na udongo mwekundu. Mchoraji hakuwa fundi: milingoti imepinda, matanga yametoka kama mashuka yaliyoanikwa. Ila kamba amezichora moja moja, kwa subira ya mtu ambaye hana pa kwenda. Ngome hii ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na waliokuwa ndani wakamalizwa na maradhi zaidi ya risasi. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama 1697 mbele ya ngome hiyo hiyo. Wapiga mbizi waliichimbua mwishoni mwa miaka ya 1970, na vyombo vyake vimo katika makumbusho ya humo ndani.

Baadaye walikuja Mazrui kama maliwali wa Oman, wakajifanyia utawala wao hadi Sultani Seyyid Said wa Oman alipowang'oa 1837. Waingereza waliifanya ngome jela kuanzia 1895 hadi 1958. Miaka miwili tu baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Nje ya lango la ngome unaanza Mji wa Kale, na njia yake kuu inaitwa Ndia Kuu. Mbara anaweza kudhani aliyeandika kibao amekosea. Hakukosea: Kimvita, yaani Kiswahili cha Mvita, jina la kale la Mombasa, husema ndia mahali pa njia, kama kisemavyo mato mahali pa macho, na Kiswahili hicho ndicho alichotungia Muyaka bin Haji mashairi yake zaidi ya miaka 180 iliyopita. Roshani za mbao zinakaribia kugusana juu ya njia. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mnene usiofanana na minara mingine, husemwa ulijengwa 1570, kabla Wareno hawajaweka jiwe la kwanza la ngome. Mbele kidogo, karibu na Bandari ya Zamani, iko Leven House. Mwaka 1824 Mazrui, wakimwogopa Seyyid Said, walimwomba kapteni Mwingereza Owen, wa meli iliyoitwa Leven, awape bendera ya nchi yake. Akawapa, kabla wakubwa wake London hawajakubali. Ilidumu miaka miwili tu.

Mombasa ya Waingereza waliorudi mwishoni mwa karne ile ni nyingine: barabara pana, mahakama ya zamani ya 1902, benki, na reli. Hapa mtu wa Korogwe ana haki ya kusimama akapiga hesabu. Wajerumani walianza reli yao Tanga 1893 na kuifikisha Korogwe 1902. Waingereza walianza Mombasa 1896, wakaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na 1901 walikuwa wamefika Ziwa Victoria. Hata hivyo reli ndiyo iliyoupokonya mji cheo chake, kwani mji mkuu ulihamia Nairobi 1905. Ukanda wa pwani wa maili 10 ukabaki kisheria mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakilipa kodi, mpaka 1963. Leo Mombasa ni kaunti moja kati ya 47, na gavana wake hupigiwa kura, jambo linalomshangaza Mtanzania aliyezoea mkuu wa mkoa wa kuteuliwa.

Pembe nne za mfano wa ndovu zilizosimama juu ya Moi Avenue zilianzia 1952, kwa ajili ya ziara ya binti mfalme Elizabeth. Ni bati lililopindwa. Kila mgeni hupiga picha chini yake, na dakika tano zinatosha.

Chakula kinahitaji zaidi ya dakika tano. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Anayeita maandazi atahudumiwa, ila muuzaji atajua katoka wapi. Jioni watu huelekea Mama Ngina, ukumbi wa wazi ulioko kwenye mlango wa bahari, wenye mibuyu mikubwa na upepo usiokatika. Mwanamke mmoja ana karai mbele yake. Anachovya kiazi kilichochemshwa katika unga wa rangi ya manjano, anakidondosha kwenye mafuta, anasubiri kivimbe, anakitoa kwa kijiko chenye matundu, anakipasua kati na kukimwagia ukwaju. "Pilipili nitie, mwanangu?" Ukisema ndiyo, hapunguzi. Pembeni yake mihogo mikavu iliyokatwa nyembamba inafungwa kwenye karatasi, na mzee wa kahawa anapita akigonganisha vikombe. Meli zinaingia na kutoka, karibu kiasi cha kusoma majina yake.

Siku ya nne huwa ya kununua. Mtaa wa Biashara ndio wa kanga, ambazo Mombasa huitwa leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwepo tangu 1887, na chapa yake ya Mali ya Abdulla imefungwa viunoni na bibi wengi wa Tanga na Pangani bila kujua inatoka mtaa gani. Wauzaji wanafungua jozi moja baada ya nyingine na kuusoma msemo kwa sauti, kwa sababu hakuna anayenunua rangi peke yake. Aliyetumwa na mama mkwe achukue muda. Kanga zikisharundikwa kwenye begi ni rahisi kusahau chenji, na shilingi za Kenya zilizobaki ni heri zibadilishwe mpakani kabla gari halijaondoka kuelekea Tanga, kwa kuwa Korogwe hakuna atakayeziuliza.