Gesi ya Kivu, bia ya Gisenyi na chimbuko la uhandisi kemikali

Kiwanda cha bia cha Bralirwa cha Gisenyi, nchini Rwanda, kilianzishwa mwaka 1957. Kuanzia mwaka 1963, boila zake zilipata moto kutoka vilindi vya Ziwa Kivu, kwa gesi ya methani iliyovunwa na mtambo mdogo wa Rubona.

Maji ya vilindini yamebeba methani na hewa ukaa nyingi, zilizoshikiliwa humo na mgandamizo wa maji yaliyo juu. Bomba hushushwa mita zaidi ya 300, na pampu huanzisha tu safari. Maji yakipanda, mgandamizo hupungua na mapovu hutoka kama chupa ya bia ikifunguliwa. Mapovu hayo huyafanya maji kuwa mepesi, yakaendelea kupanda yenyewe. Gesi inayopatikana huwa na hewa ukaa nyingi isiyowaka, hivyo huoshwa kwa maji. Hewa ukaa huyeyuka majini kwa wepesi kuliko methani, kwa hiyo huondoka na maji, na methani hubaki.

Mpishi wa bia naye hupasha moto, huchuja, hupoza na hucheza na mgandamizo ili hewa ukaa ibaki ndani ya kinywaji. Bidhaa ni mbili, hatua zinafanana.

Kufanana huko ndiko kulikozaa fani ya uhandisi kemikali. Zamani kila kiwanda kilikuwa na mafundi wake: wa sabuni hakujifunza kwa wa rangi. George Davis, aliyewahi kukagua viwanda vya magadi vya Uingereza, alitoa mihadhara Manchester mwaka 1887 akipanga maarifa kwa hatua za kazi badala ya bidhaa. Mwaka uliofuata, Lewis Norton alianzisha masomo ya uhandisi kemikali katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1915 Arthur D. Little alizipa hatua hizo jina la pamoja, na zikawa msingi wa mitaala.

Leo mtambo wa KivuWatt, huko Karongi, huvuna methani ya ziwa hilohilo na kuzalisha megawati 26 za umeme. Ukubwa umebadilika, lakini gesi bado hutenganishwa na maji, kisha huoshwa. Mhitimu wa fani hii akihamishwa kutoka kwenye bia kwenda kwenye gesi, atakuta bidhaa ngeni na hesabu anazozijua.